Bunduki kwenye skrini: somo nililopewa Ngaremara

Haya wasomaji wangu, leo naweka PHP na hifadhidata kando. Wengi mnajua kazi yangu ni kuandika programu, na historia niliiacha pale nilipofunga karatasi ya mtihani wa kidato cha nne. Lakini majuzi nilipewa somo la historia na mzee mmoja wa Ngaremara, mbele ya watoto wa shule, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Nimeona niliandike hapa kwa sababu linahusu jambo tunalolifanya kila siku: kuangalia picha kwenye skrini na kuamini maneno yaliyoandikwa chini yake.

Kwa msomaji asiyeijua Ngaremara: ukitoka mji wa Isiolo ukashika barabara ya Moyale, unaipita kabla ya kufika Archers Post na mto Ewaso Ng'iro. Wakazi wengi ni Waturkana, vizazi vya watu waliotoka Turkana kuja Isiolo enzi za mkoloni. Ni nchi kavu, nchi ya mbuzi, ng'ombe na ngamia, na kwa miaka mingi imekuwa nchi ya wizi wa mifugo pia. Rafiki yangu ni mwalimu huko. Aliniomba nimtengenezee video fupi ya historia, dakika kumi na mbili hivi, aionyeshe wanafunzi wake. Nikasema hiyo kazi ndogo. (Kila programa anayesema "hiyo kazi ndogo" anajua kinachofuata.)

Nikaingia mtandaoni nikatafuta filamu za zamani. Nikapata kipande kimoja cha sekunde 40, cheusi na cheupe, askari Waafrika wakipita kwa mstari njiani, bunduki begani. Chini kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba ni askari wa KAR, mwaka 1914. Nikakipakua, nikakiweka mahali pake, nikaandika kwa Kiswahili changu kizuri: "Askari wetu katika Vita Vikuu vya Kwanza, 1914." Nikaridhika.

Siku ya kuonyesha, mwalimu alitundika shuka jeupe ukutani, akaunga projekta kwenye betri ya sola, akawaita na wazee wachache wa kijiji. Kipande changu kilipofika, mzee mmoja aliyekaa mbele akainua fimbo.

"Kijana, simamisha hapo. Rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Hiyo si 1914. Hiyo ni Mark 4. Mimi nimeibeba miaka kumi na tisa. Angalia mdomo, chuma kimetoka nje ya mbao."

Watoto wakacheka. Mimi nikajitetea kwamba ndivyo ilivyoandikwa mtandaoni. Mzee akanitazama kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia nyumbani. Halafu akasema jambo la pili, kwa sauti ya chini: "Na mwaka huo, keya hawakuwa askari wetu. Waulize Waturkana."

Nitarudi kwa hilo la pili, maana ndilo zito. Kwanza tumalize la kwanza, kwa sababu hapo ndipo kompyuta ilipoingia.

Picha ni mrundo wa fremu

Niliporudi Nairobi nilifungua faili lile kwa VLC. Kama hujui, ukisimamisha video kwenye VLC halafu ukabonyeza herufi E, inasogea fremu moja moja. Sekunde 40 kwa fremu 25 kila sekunde ni fremu 1,000. Nikatumia ffmpeg kuzitoa zote kama picha, nikazipanga kwenye folda, nikakaa nazo usiku mzima na chai ya maziwa.

Ubora ulikuwa wa kusikitisha, pikseli 320 kwa 240. Katika fremu nzuri kuliko zote, askari mmoja amesimama wima na urefu wake ni pikseli 140. Tukisema ana urefu wa mita 1.70, basi pikseli moja ni kama milimita 12. Bunduki yake nikaihesabu pikseli 93, yaani kama mita 1.13. Nilifurahi sana, nikadhani nimemaliza. Kumbe! Bunduki ya Uingereza ya Vita vya Kwanza, ile inayoitwa SMLE, ina urefu wa mita 1.13. Na ile Mark 4 ya mzee, jina lake rasmi Lee-Enfield No. 4, nayo ina mita 1.13. Tofauti yao ni milimita chache, haifiki hata pikseli moja. Tena urefu kwenye picha ni shahidi mbaya, kwa sababu bunduki ikielekea kwenye kamera au ikienda mbali nayo inaonekana fupi kuliko ilivyo.

Nikajaribu pia programu mbili za akili bandia zinazotambua picha. Moja ikaniambia bila wasiwasi wowote kuwa ni SMLE ya 1907. Nyingine ikasema ni Mauser ya Kijerumani. Zote mbili zilijibu kwa kujiamini kuliko mzee, na zote mbili hazikunionyesha zimeangalia wapi. Mzee alinionyesha: mdomo. Basi nikaacha kuhesabu urefu, nikaanza kuangalia alipoangalia yeye.

Mahali pa kuangalia

Haya, tuchukue bunduki za kijeshi zilizopita katika nchi zetu, tuone kila moja inajitambulishaje hata kwenye picha mbovu. Si lazima uwe mwanajeshi. Unahitaji kujua mambo manne: mdomo ukoje, kikasha cha risasi kiko wapi, mkono wa bolti uko wapi, na mbao imeungwa vipi.

Martini-Henry, ya mwaka 1871, haina bolti kabisa na haina kikasha. Chini ya triga ina wenzo mrefu wa chuma. Unaushusha, unaweka risasi moja, unaupandisha, unapiga. Ukiona wenzo huo, uko katika enzi za kampuni ya IBEA na askari wa miaka ya 1890, kabla KAR haijaundwa kwa kuunganisha vikosi vitatu tarehe 1 Januari 1902.

Gras ya Ufaransa, ya 1874, ina bolti lakini haina kikasha, na ni ndefu sana, mita 1.30. Hii ni muhimu kwetu wa kaskazini. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, lakini Ethiopia ilikuwa dola huru, na bunduki za Kifaransa zilipita Djibouti kwa maelfu. Kutoka kusini mwa Ethiopia, hasa kupitia Maji, wafanyabiashara waliziteremsha hadi kwa Waturkana kwa kubadilishana na pembe za ndovu na mifugo.

Mauser ya Kijerumani ya 1871 unaitambua hata kabla ya kuona bunduki yenyewe: angalia moshi. Ilitumia baruti nyeusi, na kila risasi ilitoa wingu zito jeupe. Askari wengi wa Kijerumani waliopigana Tanga mwezi Novemba 1914 bado walikuwa na bunduki hizo za kizamani, na moshi ulimwonyesha adui mahali walipo. Hata hivyo walishinda. Waingereza walikuja na watu kama 8,000 dhidi ya watetezi kama 1,000, wakaondoka wakiacha ufukweni bunduki 455, bombomu 16 na risasi 600,000. Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, iliwaletea Wajerumani Mauser mpya katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Hizo mpya ni za 1898. Mbao yake ni kipande kimoja tangu kitako hadi mbele, mkono wa bolti unatoka pembeni kama tawi, na kikasha hakionekani kwa sababu kimefichwa ndani ya mbao.

Carcano ya Italia, ya 1891, ina kikasha kinachojitokeza mbele ya triga, cha risasi sita, kimeungana na chuma kinachozunguka triga. Waitalia waliichukua Moyale Julai 1940, na mwaka uliofuata majeshi yaliyotoka Kenya yakawasukuma kupitia Somalia na Ethiopia hadi wakasalimu amri. Bunduki nyingi zilizobaki nyuma zilipata wenyewe wapya.

Sasa zile za familia ya Lee, za risasi ya .303. Zote zina kikasha cha risasi kumi kinachoonekana wazi mbele ya triga, mkono wa bolti umekunjwa nyuma karibu na vidole, na mbao ni vipande viwili: kitako, halafu chuma, halafu mbao ya mbele. Tofauti zao ndizo hizi:

SMLE Mark III, ya 1907: mbao inafika hadi mwisho kabisa wa mtutu, na mdomo wake ni butu kama pua ya kiboko. Singe yake ni ndefu kama panga.

No. 4, iliyokubaliwa rasmi 1939 na kuanza kutengenezwa kwa wingi 1941: mtutu unatoka nje ya mbao sentimita chache. Kilengeo cha nyuma kiko karibu na jicho la mpigaji, wakati cha SMLE kiko mbele zaidi, juu ya mtutu. Singe yake ya mwanzo ni fupi, nyembamba, kama msumari mkubwa.

No. 5, iliyotengenezwa kuanzia 1944 hadi 1947, wengi wanaiita bunduki ya msituni: ni fupi, kama mita moja tu, na mdomoni ina kitu kama faneli ya kumiminia mafuta, cha kuficha mwako wa risasi.

Rudi kwenye faili langu. Zile sentimita chache za mtutu unaotoka nje ya mbao, kwenye picha yangu ni pikseli tano au sita. Hizo pikseli tano ndizo mzee alizoziona kwenye shuka, akiwa amekaa mita nne, bila kusimamisha fremu. Nilizihesabu katika fremu kumi na moja tofauti. Alikuwa sahihi. Zilikuwa No. 4.

Sakafu bila dari

Hapa naomba niseme kwa lugha ya programu. Ukipewa faili lililohifadhiwa kwa muundo uliotoka mwaka 2007, unajua hakika jambo moja: faili hilo halikuhifadhiwa hivyo kabla ya 2007. Hata aliyelituma akiapa ni la 1998, muundo unamkana. Lakini muundo huo haukuambii lilihifadhiwa lini baada ya hapo. Inaweza kuwa 2008, inaweza kuwa jana. Una sakafu, huna dari.

Bunduki ni hivyo hivyo. Kuwepo kwa No. 4 kunaweka sakafu. Filamu yangu haiwezi kuwa ya Vita vya Kwanza hata kwa dawa. Ni ya Vita vya Pili au baadaye.

Nikaendelea kupandisha sakafu. Fremu ya 412, askari wa saba katika mstari ana bunduki fupi na mdomo wa faneli: No. 5, basi si kabla ya 1944. Fremu ya 530, mmoja amebeba Bren begani, bombomu ndogo yenye kikasha kilichopinda juu, si chini. Hiyo ni ya 1938, haiongezi kitu. Halafu fremu ya 861, nyuma ya miti, kwa nusu sekunde, inapita pua ya gari: Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Sakafu ikafika 1948.

Sasa angalia mandhari. Njia imepita katikati ya mianzi minene, milimani, kuna ukungu. Askari wa Kiafrika chini ya ofisa Mzungu, bunduki za .303, Land Rover, msitu wa mianzi, baada ya 1948. Kwa mtu aliyesoma historia ya Kenya kuna jibu moja linalokuja haraka: Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. KAR walipelekwa katika misitu ya Aberdare na Mlima Kenya kuwawinda Mau Mau, ambao wengi wao walishika bunduki za kujitengenezea kwa bomba la maji, komeo la mlango na mpira. Bunduki peke yake haithibitishi hilo, inaruhusu tu. Ni bunduki, gari na mianzi pamoja ndivyo vilivyonishawishi.

Hebu fikiria, ndugu msomaji. Nilitaka kuwaonyesha watoto askari wa 1914, nikawaonyesha msako wa miaka ya 1950, halafu nikaandika juu yake neno "wetu".

Neno "wetu"

Sasa la pili la mzee.

Wakati majeshi ya Uingereza yanapigana na Wajerumani kusini, kaskazini KAR walikuwa na kazi nyingine. Waturkana walikuwa wakikataa kodi na utawala, wakipigana chini ya viongozi wao kama Ebei, wakiwa na zile Gras na bunduki nyingine kutoka Ethiopia. Serikali ilituma msafara baada ya msafara. Mkubwa kuliko yote ulikuwa wa 1918, unaojulikana kama Labur Patrol, ambapo KAR walishirikiana na jeshi lililotoka Sudan. Mifugo ilichukuliwa kwa maelfu. Kwa mfugaji hiyo si hasara ya mali tu. Ni maziwa ya mtoto, ni mahari, ni mvua ijayo kukukuta huna kitu. Katika miaka ya 1920 wakanyang'anywa silaha, na wengi wakabaki wazi mbele ya jirani wenye bunduki.

Kwa hiyo hata kama filamu yangu ingekuwa ya miaka ya 1914 hadi 1918 kweli, na bunduki zote zingekuwa SMLE safi, bado maandishi yangu yangekuwa ya uongo ndani ya darasa lile. Mababu wa watoto wale walikuwa upande wa pili wa mtutu. Na katika Vita vya Kwanza, Waafrika wengi wa Kenya walioingia vitani hawakupewa bunduki hata moja, walipewa mizigo. Walikufa makumi ya maelfu kwa njaa, malaria na kuhara, na jina la kikosi chao tunalitamka kila siku bila kufikiri tukipanda matatu kwenda Kariokor Nairobi, au daladala kwenda Kariakoo Dar es Salaam.

Nilimpigia mwalimu simu, nikamwambia nataka kurudi. Akasema mzee ananisubiri.

Maandishi kwenye chuma

Mara ya pili sikwenda na projekta. Nilikwenda na kipakatalishi na sukari na majani ya chai. Tulikaa chini ya mti wa mgunga. Nikamwonyesha zile fremu moja moja, akawa anatikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha daftari. Ya faneli aliitambua kabla sijaikuza.

Akaniambia yeye alikuwa polisi wa akiba, KPR. Kikosi hicho kiliundwa 1948. Watu wa huku wanawaita homugadi. Neno lile lile! Ukilisema Nyeri au Murang'a, wazee watakumbuka waliosimama na mkoloni wakati wa Mau Mau. Ukilisema Ngaremara, ni yule jirani yako asiyelipwa mshahara, anayelala nje na bunduki ya serikali ili mbuzi zako zisichukuliwe usiku. Neno limebadilika maana kwa mwendo wa saa chache wa matatu. Bunduki ilikuwa ile ile.

Yeye alipewa Mark 4 yake miaka ya themanini. Risasi kumi, na kila moja unavuta bolti kwa mkono. Waliokuja kuiba walikuwa na AK, ya risasi thelathini. Nilimwuliza walifanyaje. Akasema, "Hiyo yetu inafika mbali. Unalala chini, unapiga moja, unanyamaza. Ukipiga ovyo umekwisha." Akanyamaza yeye pia. Kisha akataja watu wawili waliokuwa wakitoka naye usiku na hawakurudi. Majina yao sitayaandika hapa.

Kisha akaniuliza swali alilokaa nalo miaka mingi. Ubavuni mwa bunduki yake kulikuwa na maandishi, na askari mmoja kijana aliyasoma akasema ni ya Marekani. Wenzake wakambishia, bunduki ya Mwingereza itakuwaje ya Marekani? Nikamwomba achore mchangani. Akachora kwa fimbo, herufi moja moja, kama alivyozikariri: US PROPERTY.

Wadau, mimi nilishangilia kama mtu aliyepata hitilafu ya programu baada ya wiki mbili! Kwa sababu wakati wa Vita vya Pili, Uingereza ilipokuwa taabani, Marekani iliikopesha silaha, na kiwanda cha Savage huko Chicopee Falls, Massachusetts, kilitengeneza No. 4 zaidi ya milioni moja kati ya 1941 na 1944. Zilipigwa chapa kwamba ni mali ya Marekani kwa sababu kisheria zilikuwa za mkopo. Kwa hiyo yule kijana alikuwa sahihi, na wenzake pia. Bunduki ya Mwingereza, iliyotengenezwa Marekani, ikakaa miaka kumi na tisa kwenye bega la Mturkana wa Ngaremara ikilinda mbuzi.

Mzee alicheka hadi akashika mbavu. "Kumbe nilikuwa natembea na deni la watu."

Lakini angalia maana yake kwa sisi tunaosoma picha. Kama mtu angempiga mzee picha mwaka 1995, akaigeuza nyeusi na nyeupe, akaiweka mtandaoni, tungeangalia bunduki tukasema: Vita vya Pili. Sakafu tungeipata sawasawa, 1941. Mwaka wenyewe tungeukosa kwa zaidi ya nusu karne. Hii ndiyo sababu nasisitiza hakuna dari. Huku kwetu bunduki haistaafu mtindo unapobadilika. Inastaafu ikivunjika, au risasi zikikosekana.

Filamu za sinema nazo zina mtego wake, maana mtengenezaji hutumia bunduki anayoipata stoo. Chukua Zulu ya 1964, inayosimulia vita vya Rorke's Drift vya Januari 1879. Askari wa mbele wana Martini-Henry, kama inavyotakiwa. Simamisha picha uangalie wa nyuma: baadhi wameshika bunduki za bolti za familia ya Lee, ambazo mwaka 1879 hazikuwepo. Hapo sakafu inakuambia habari za siku ya kupiga filamu, si za siku ya vita. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "hii ni bunduki gani", uliza "kamera hii ilikuwa inarekodi tukio, au mchezo?"

Maandishi mapya

Video nimeirekebisha. Kile kipande sikukitoa. Mwalimu alitaka kitoke, mzee akasema kibaki, lakini watoto waambiwe ukweli. Nimekaa na sentensi hizo muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa na kodi ya malipo ya benki. Sasa zinasomeka hivi:

"Askari wa KAR msituni. Bunduki na gari vinaonyesha filamu hii ilipigwa baada ya mwaka 1948, na huenda ni wakati wa Hali ya Hatari. Iliwahi kuandikwa kimakosa kuwa ni ya 1914. Katika miaka hiyo ya Vita vya Kwanza, KAR walikuwa pia wakipigana na Waturkana kaskazini."

Halafu nimeongeza kipande kingine kifupi, rangi kamili, nilichokipiga mwenyewe kwa simu chini ya ule mgunga. Mzee ameshika fimbo yake kama bunduki, anawaonyesha watoto wanne mahali pa kuangalia: mdomo, kikasha, bolti, mbao. Hicho nimekiandika tarehe, mahali na jina lake kwa ruhusa yake, ndani ya faili lenyewe na pembeni yake pia. Mtoto mmoja anamwuliza kama bado anaikumbuka namba ya bunduki yake. Anaitaja yote, bila kusita.